Maneno Niliyomwambia Bi Okabe

Kiegeani, Mafia
Jumatatu, 9 Disemba 2024

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Mwanamkuu binti Amiri, Kilwa Kivinje.

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa hukuileta. Najua ungekuwa mbele yangu ungeisema hata kwa midomo iliyobana, maana mama alitulea vizuri, mimi kukushinda wewe kwa kuwa nilimpata angali na nguvu. Natumaini miguu yako imeacha kuvimba na yule mkweo kifua kimemwachia. Mimi mzima. Sina presha, sina sukari, meno ninayo kumi na tisa, na juzi nimepanda mnazi wa nyuma ya nyumba nikaangua madafu sita huku vijana wa jirani wamesimama chini wanasema mzee huyu leo anakufa. Sikufa.

Simu zangu umeacha kupokea tangu mwanzo wa mwezi uliopita. Basi nimekaa niandike kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua shule yangu mimi ni ile ya watu wazima, ya jioni, na nilitoka nayo na herufi kubwa na uvumilivu, basi. Ukiona mstari mmoja umepanda na mwingine umeshuka usidhani naumwa. Leo siku ya nne naandika barua hii hii. Anakuletea Ally, yule mchuuzi wa pweza, na nimemwambia akupe mkononi mwako asimpe mtoto. Ukichoka katikati iweke, ule, urudi. Lakini usiichane kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi ni mtu mgumu kusema jambo na nimelisogeza huko nyuma kabisa.

Habari za huku, msimu umeingia. Papa potwe wameanza kuonekana upande wa Kilindoni tangu Oktoba, na wageni wanalipa kuogelea na samaki ambaye marehemu baba alikuwa akimfukuza kwa kasia asimchanie nyavu. Wazungu wapo, Wachina wapo, na Wajapani ndio walionipa mimi jina. Haya unayajua lakini nitayasema tena, nataka yawe kwenye karatasi. Katika kisiwa hiki kizima, kutoka Ras Mkumbi mpaka Utende, ukiongeza na Chole na Juani na Jibondo, kabla ya mwanao Zuena alikuwapo mtu mmoja tu anayesema Kijapani, na mtu huyo ni Mfaume wa Amiri. Mudrik, meneja wa hoteli, ana digrii mbili, lakini Mjapani akipiga chafya anatuma bodaboda Kiegeani kuniita.

Miaka tisa nilikaa kwenye meli yao ya jodari. Wenzangu walikuwa juu wanavuta kamba, mimi nilikuwa jikoni kwa mpishi Murata. Murata hakuwa na Kiswahili wala Kiingereza, alikuwa na mwiko. Alisema neno, nikikosea napata mwiko wa kichwa, nikipatia napata kipande cha samaki. Kwa njia hiyo mtu hasahau. Baada ya mwaka nilikuwa najua kuomba radhi, kubembeleza na kutukana. Baada ya miaka mitatu nahodha mwenyewe alikuwa ananiita mezani kwake siku ya mwaka mpya nimsimulie vichekesho. Wali wao niliupika mimi, watu ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha bakuli.

Nilivyofunzwa ndivyo ninavyofunza, ukiondoa mwiko. Kila mwaka, tangu Agosti mpaka wageni waishe Machi, hoteli hunipa banda la mitungi ya kuzamia pale Utende, natandika majamvi, vijana wa kuongoza wageni wanakaa kama chuoni. Mimi nasema, wao wanaitikia. Daftari nimepiga marufuku. Nimewaambia mgeni akianza kuzama mbele yako utafungua ukurasa wa ngapi? Wananiita Sensei, ndiyo mwalimu kwa Kijapani, na jina hilo limetoka bandani likatembea mpaka sokoni Kilindoni, hata mama muuza vitumbua ananiita Sensei na kunichagulia vya moto. Mwaka wa kumi na moja huu. Msimu ukiisha narudi kuwa mzee mwenye mbuzi watatu. Unaweza kucheka, lakini mtu akiitwa Sensei miezi minane, ile minne iliyobaki inakuwa mirefu.

Sababu ya kukataza daftari ni nyingine, na wewe peke yako nimewahi kukuambia. Maandishi yao siyajui. Hata herufi moja. Kwenye meli hakuna aliyenifunza na mimi sikuomba, nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, nikajiambia mpishi anasoma nini. Kijapani changu chote kimo mdomoni.

Sasa Zuena. Uliponiletea miaka mitano iliyopita, mambo yako na baba yake yalipovunjika, ulisema, kaka, mfunze kazi na adabu. Nilimfunza. Alianza kwa kukaa mlangoni mwa banda akingoja kunibebea mkoba. Hajaketi jamvini, hajaandikishwa, anaitikia tu huko mlangoni kwa sauti ndogo. Mwaka wa pili nikamsikia nyumbani anamgombeza mbuzi kwa Kijapani, na bila kosa, na kwa ukali uleule wa Murata, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwingiza jamvini. Mwaka wa tatu hoteli ikampa boti. Wageni wakampenda, maana yeye hapigi kelele, anamwonyesha mtu samaki kwa kidole kimoja na kumwacha atazame. Nilitamba kijiji kizima kwamba ile ni kazi ya mikono yangu. Na ilikuwa kweli.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba alikuwa anajifunza kuandika. Kwa simu. Anaweka sufuria jikoni, anakaa na simu, anachora kwa kidole majivuni, anafuta. Alinificha mwaka mzima. Hakunificha kwa ubaya, alinificha kwa sababu ananijua.

Ilitoka hivi. Msimu uliopita walikuja akina mama wanane wa Kijapani, watu wazima, na siku ya kuondoka waliacha kadi yenye maandishi mengi. Mudrik akanipa niwasomee vijana. Nifanyeje? Niliishika mbali kidogo na macho kama mtu anayetafuta mwanga, nikasoma. Kadi ikasema wageni wamezunguka dunia hawajasikia Kijapani kizuri kama cha vijana wa Mafia, na kwamba mwalimu wao atunzwe kama jicho. Vijana wakapiga makofi. Mudrik akaitia kwenye fremu ikatundikwa bandani, na kila tukianza darasa nikawa naisoma, na kila nikiisoma inaongezeka kidogo.

Mwezi wa Septemba mwaka huu, Mbaraka, yule kijana mrefu wa Utende anayejifanya mchekeshaji, alimwona Zuena anasoma maandishi kwenye begi la mgeni. Akaja na habari hiyo darasani. Akasema leo Sensei apumzishe sauti, kadi atatusomea Zuena, tuone kama mwanafunzi amemfikia mwalimu. Wenzake wakashangilia. Nilimtazama mwanao akiinuka, Mwanamkuu, na nakuambia katika bahari zote nilizopita sijawahi kushikwa na hofu kama ile. Alisimama mbele ya fremu muda mrefu. Nikaona macho yake yanakwenda kutoka juu kwenda chini, yanarudi juu tena, kama wanavyosoma wao. Halafu akageuka akasema ni vilevile kama mjomba anavyoisoma kila siku, akaketi.

Nyumbani akiosha vyombo nikamwuliza kadi inasemaje. Akasema tuache, mjomba. Nikamshurutisha kwa jina lako. Akaniambia wale akina mama walikuwa wanamshukuru mpishi wa hoteli kwa pweza wa nazi. Basi? Basi. Akaona uso wangu, akaongeza kwa upole kabisa, huku anasuuza sahani, kwamba nisijali, hakuna anayejua.

Wewe utasema mtoto alinisitiri, Mungu amlipe. Ndiyo, alinisitiri. Laiti angenicheka. Angenicheka ningemfokea, ningemnunia siku tatu, yangekwisha. Lakini kusitiriwa na mtoto uliyemfunza kusema habari za asubuhi! Toka siku ile kila nilipofungua mdomo darasani nilikuwa namtazama kwanza yeye, kama anaridhia. Na alikuwa anaridhia kila mara, hata nilipokosea. Hilo ndilo lililonikereketa zaidi.

Mwisho wa Oktoba akaja Bi Okabe. Huyu ni mama wa makamo wa kampuni yao inayoleta wageni hapa, mtu mwembamba, mstaarabu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na habari kwamba kampuni itamchukua kijana mmoja wa Mafia kwenda Japani mwaka mzima, asome lugha kwa cheti, arudi awe mkuu wa wageni wao kisiwani. Mudrik akasema mtu huyo hana haja ya kutafutwa, ni Zuena, na vijana wote wakasema ni Zuena, hata Mbaraka. Bi Okabe akasema vizuri, lakini kwao hawamchukui mtu bila neno la mwalimu wake, na mwalimu wake yuko hai.

Basi tukakaa ofisini kwa Mudrik, Mudrik nyuma ya meza yake, Bi Okabe mbele yangu na kijitabu, Zuena kwenye kiti karibu na mlango amevaa ule mtandio wa kijani uliomletea sikukuu ya Idi. Bi Okabe akaniuliza kwa Kijapani, nami nikajibu kwa Kijapani, na Mudrik akawa anatutazama midomo kama mtu anayetazama mpira.

Habari iliyokufikia ni hii, na ndiyo iliyoenea kila mahali: kwamba mzee Mfaume alimsema mpwa wake kama tunavyosema sisi watu wakija kuposa. Kwetu mzee hasemi binti yangu hodari. Anasema huyu wetu mvivu, chumvi hajui kuipima, mtamfunza wenyewe. Ukimsifu, kijicho kinasikia. Na mwenye kuposa anajua, anatabasamu, mambo yanaendelea. Wewe mwenyewe baba aliwaambia wakwe zako huwezi kuchemsha maji, na ulikuwa unapikia watu arobaini. Basi watu wanasema mzee alileta mila mbele ya mgeni, mgeni akayachukua maneno yalivyo, akafunga kijitabu, na mtoto akakosa safari. Pale kijiweni Utende bado wananitania. Mmoja ananiambia, Sensei, na mimi niombee kazi, lakini unitukane kwa kiasi.

Nawe ulinitumia ujumbe wa sauti, nimeusikiliza mara nyingi. Ulisema kwa uchungu, "Kaka, kijicho chenu hicho mnachokiogopa ndicho kilichomla mwanangu." Nami nikakurudishia ujumbe wa dakika nane kuitetea mila. Nikakutajia wazee wetu mmoja mmoja. Nikakuambia heri mtoto akose safari kuliko kupata safari na husuda. Ndipo ukaacha kupokea simu zangu.

Kilichofuata kwa Zuena labda hakukuambia chote. Kampuni ilimchukua Mbaraka. Amekwisha kupigwa picha ya pasipoti, anaondoka baada ya Ramadhani. Hilo moja. La pili, Bi Okabe alipofika kwao alimwandikia Mudrik kwa Kiingereza kwamba wageni wao wasipandishwe boti ya Zuena. Sababu hakuitaja, watu wale hawamwandiki mtu vibaya. Na sababu isipotajwa watu wanaishona wenyewe. Wamesema ana mimba. Wamesema ni mgonjwa. Mudrik akamwondoa kwenye boti zote, akampa kazi ya kukunja mataulo. Siku ya tatu Zuena akaacha, akafunga nguo zake, akaniachia unga umechungwa na maji mitungi imejaa, akavuka Chole kwa rafiki yako Safia. Sasa anafunga mwani.

Kwenye banda sasa nimebakiwa na vijana wanne, kutoka kumi na sita. Wengine wamesema Sensei anatia nuksi.

Wiki mbili zilizopita na mimi nikavuka Chole. Nilimkuta na Safia wamekaa nyuma ya nyumba katikati ya kamba za mwani. Alinisalimu kwa adabu zote, akanipa kiti, akaniletea chai yenye tangawizi kama ninavyoipenda, na Safia alipouliza kulikoni akamwambia mjomba amekuja kuniangalia tu. Safia akaenda kumwangalia mwanawe. Tukabaki wawili. Vidole vyake vimekatikakatika kwa chumvi na uzi, sikupenda kuviangalia. Nikamwuliza siku ile ofisini alisikia nini.

Hakuacha kufunga. Akasema, "Nilisikia vyote, mjomba. Si wewe uliyenifunza?"

Sasa ndugu yangu, kama umesimama, kaa. Nimefika pale.

Ni kweli nilianza kwa mila. Bi Okabe aliponiuliza kama Zuena anafaa, nilimjibu bado mtoto, kichwa kizito, huku kwetu hatuna watu wa maana. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Alitabasamu, akainamisha kichwa, akaandika kitu kizuri kijitabuni, maana na wao wazee wao wanasema hivyohivyo. Nilikuwa nimesahau, nami nimekaa nao miaka tisa. Kila nilivyomshusha ndivyo alivyopanda. Nikaona kwa macho yangu anakwenda. Nikamwona anarudi baada ya mwaka na cheti, anaingia bandani, anakaa nilipokaa mimi, na mimi naitwa nini? Na ile kadi iko ukutani, na kila mtu sasa anaisoma.

Ndipo nikamwambia. Nilisema kwa Kijapani kizuri, Mwanamkuu, pengine sijawahi kusema kizuri kama kile, kila neno mahali pake, na heshima zote za lugha yao. Nikamwambia kwamba msimu uliopita mgeni wao mmoja alipoteza saa. Kwamba ilitafutwa siku mbili. Kwamba aliyekuja kuonekana nayo mkononi ni Zuena. Halafu nikasema yeye ni damu yangu, asinilazimishe kuendelea.

Hakuna neno la uongo hapo. Saa ilipotea. Zuena ndiye aliyeonekana nayo, kwa sababu ndiye aliyeng'oa mbao za sakafu ya boti, akaikuta, akakimbia nayo ufukweni akiwa ameiinua juu ili mwenyewe aione kabla hajapanda gari la uwanja wa ndege. Mgeni yule alilia, akamkumbatia. Mimi nilikuwapo. Nilikata habari ile pale inapokatika vizuri, kama mtu anayejua kukata samaki, na kile kipande kibaya nikampa mgeni.

Tabasamu la Bi Okabe lilizimika. Akafunga kijitabu taratibu. Mudrik akaniuliza, mzee, umemwambia nini? Nikasema nimemwambia bado mtoto, si unajua sisi wazee. Mudrik akacheka akasema wazee bwana, kila kitu mnakifanya posa. Hapo ndipo habari ya mila ilipozaliwa. Niliizaa mimi, palepale, ikatoka mlangoni ikatembea yenyewe.

Na Zuena kwenye kiti chake. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio, anakunja, anakunja. Aliinuka, akainama mbele ya Bi Okabe kwa kipimo hasa, akamshukuru kwa muda wake, akamwomba radhi kwa usumbufu. Hakujitetea. Kujitetea kulikuwa ni kumwambia mgeni, mbele ya Mudrik, kwamba mjomba wake ni mwongo. Kisha akachukua mkoba wangu, kama kila siku, tukarudi Kiegeani pamoja, yeye nyuma yangu hatua mbili. Jioni ile akanipikia wali na samaki tasi. Nilikula. Na hilo nakuambia ulijue, nilikula nikashiba.

Usinitafutie udhuru. Nimejaribu mwenyewe. Nilijiambia nyumba itakuwa tupu, nani atanichotea maji. Nilijiambia Japani ni baridi, watoto wa watu wanapotea imani. Uongo. Wivu tu. Mzee wa miaka sabini na mmoja kamwonea wivu mtoto wa dada yake, na kijicho ulichonilaumu kukiogopa kilikuwa changu mwenyewe.

Utauliza kwa nini sijaenda kwa Mudrik. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika getini, mlinzi akasimama akasema Sensei karibu, nikageuka. Mara ya pili niliingia mpaka ofisini nikamwambia banda linavuja. Utauliza kwa nini sikumpigia simu Bi Okabe, nikamwambia kwa kinywa kilekile. Nilipiga, kwa simu ya Mbaraka. Alipoitika nikamwuliza hali ya hewa ya kwao, nikamwambia potwe mwaka huu ni wengi, nikamsimulia kisa cha nahodha na pilipili, akacheka sana, nikakata. Ndivyo nilivyo. Mdomo huu umezoea kunipamba, nikiutuma kwenye aibu unarudi na sifa. Mkono ndio unaoandika polepole, hauna pa kukimbilia.

Kwa hiyo nakuomba, si unisamehe, hilo lako na Mungu wako, nakuomba uje. Panda basi mpaka Nyamisati, uvuke, na barua hii uje nayo. Mpe Mudrik aisome, maana mimi sitaweza kusimama mbele yake akaisoma. Isomee na Safia. Kijiweni wakitaka, wasomewe. Mwambie Zuena nimemfungulia mdomo, asinisitiri tena, amekwisha kunisitiri zaidi ya haki yangu. Mimi nilimwambia hayo pale Chole lakini aliniambia ninywe chai inapoa.

Safari imekwenda na Mbaraka, sina la kufanya. Jina lake ndilo nalitaka lirudi, kabla wageni wa Januari hawajafika. Na hapa ndipo palipo pagumu. Bi Okabe hasomi Kiswahili, na jambo la namna hii kwao ni la maandishi ya lugha yao, si la Kiingereza cha Mudrik. Lazima haya niliyoandika yageuzwe yawe Kijapani cha karatasi, yenye jina langu chini. Nimezunguka kichwani kisiwa kizima kumtafuta mtu wa kuyageuza, na hakuna. Yuko mmoja tu.

Mpe mwanao. Mwambie akae aandike mjomba wake alivyomfanya, neno kwa neno, kwa yale maandishi aliyojifunzia majivuni jikoni kwangu. Najua ni kumwongezea jeraha, lakini sina mwingine. Akipunguza ukali, mwambie asipunguze. Akiongeza, aongeze. Mimi sitajua. Ataniletea karatasi, au atamtuma mtu kama hataki kuniona, nami sitajifanya naisoma. Anionyeshe tu mahali pa kuweka dole gumba.

Nisalimie mkweo na wajukuu wote, mkubwa kwa mdogo, na majirani zako walionipokea vizuri mwaka ule wa msiba. Mbuzi mweupe amezaa wawili, mmoja ni wako, njoo umchague. Mungu akuletee salama.

Mimi kaka yako,
Mfaume Amiri